Seti mbili za sarafu za Marekani: fedha ni ipi, na mnunuzi analipia nini?

Tangu mwaka 1992, Kiwanda cha Sarafu cha Marekani kimekuwa kikitoa kila mwaka seti mbili za sarafu za wakusanyaji ambazo, mtu akizitazama kwa haraka, ni mapacha. Mwaka ulioandikwa ni ule ule, picha ni zile zile, na mng'aro wa zote mbili unazishinda sarafu zinazozunguka sokoni. Lakini moja ina madini ya fedha ndani yake na nyingine haina, na bei zake hutofautiana tangu siku ya kwanza.

Jambo hili haliwahusu wapenzi wa sarafu peke yao. Seti hizi hutolewa zawadi mtoto anapozaliwa au kijana anapohitimu masomo, huachwa katika mirathi, na huuzwa minadani na kwenye intaneti kwa watu wanaotafuta pa kuweka akiba. Anayeuza bila kujua alicho nacho hupata hasara. Na anayenunua kwa kuliamini neno "fedha" bila kuuliza ni kiasi gani, naye huweza kupata hasara vilevile.

Prufu ni ufundi, si madini

Sarafu za aina hii huitwa prufu, na wengi hudhani kwamba neno hilo lina maana ya sarafu ya fedha au ya dhahabu. Sivyo. Prufu ni namna ya kutengeneza.

Sarafu ya kawaida hupigwa chapa mara moja kwa mashine inayotoa mamia ya sarafu kila dakika, kisha huangukia katika pipa pamoja na wenzake na kukwaruzana nao. Ya prufu hutendewa vingine. Kisahani cha metali hung'arishwa kabla ya kupigwa. Chapa zenyewe nazo husuguliwa hadi zing'ae. Sarafu hupigwa zaidi ya mara moja, kwa nguvu kubwa zaidi, ili kila mstari wa picha utokeze, halafu huchukuliwa moja moja kwa uangalifu. Matokeo yake ni uwanda unaong'aa kama kioo, na juu yake picha nyeupe isiyong'aa, mithili ya ukungu wa asubuhi juu ya maji yaliyotulia.

Sarafu za seti hizi za Marekani hutengenezwa San Francisco tangu mwaka 1968, na kwa kawaida huwa na herufi S ndogo ya kuonyesha mahali zilikotoka.

Ufundi na madini huweza kwenda pamoja. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 25 yenye picha ya twiga na ya shilingi 50 yenye picha ya faru, katika mfululizo wa kimataifa wa kuchangia uhifadhi wa wanyamapori. Zile zisizo za prufu zilikuwa na fedha asilimia 50, na za prufu asilimia 92.5. Hapo aliyelipia prufu alipata ufundi zaidi na madini zaidi kwa pamoja.

Kwa seti mbili za Marekani mambo ni tofauti. Zote mbili ni prufu na ufundi wake ni mmoja. Kinachotofautiana ni madini.

Fedha ilipoacha kuwa fedha

Kiswahili, kama lugha nyingine kadhaa, hutumia neno moja kwa madini na kwa kile kinacholipwa dukani: fedha. Kuna sababu ya kihistoria. Katika pwani ya Afrika Mashariki na Oman, riale yenye sura ya Maria Theresa wa Austria ilipokelewa na wafanyabiashara kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Uzito wake ulikuwa gramu 28 hivi, na zaidi ya asilimia 83 ya uzito huo ilikuwa fedha safi. Serikali iliyoitoa ilikuwa mbali, na huenda mpokeaji hakuijua kabisa, lakini mizani ilitosha.

Katika karne ya 20 serikali, moja baada ya nyingine, zilivitenganisha vitu hivyo viwili. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921, yenye picha ya simba mbele ya milima, ilikuwa na fedha robo tu ya uzito wake. Ile iliyotolewa kuanzia mwaka 1948 haikuwa na fedha hata kidogo, bali shaba na nikeli. Uingereza nayo ilikuwa imeiondoa fedha katika sarafu zake za matumizi mwaka 1947.

Marekani ilichelewa. Hadi mwaka 1964, sarafu zake za senti kumi, robo dola na nusu dola zilikuwa na fedha asilimia 90. Bei ya madini hayo ilipopanda duniani, thamani ya kilichomo ilianza kuikaribia thamani iliyoandikwa usoni. Watu wakaanza kuzificha sarafu, na maduka yakakosa chenji.

Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya ya sarafu Julai 1965. Fedha iliondolewa kabisa katika senti kumi na robo dola. Katika nusu dola ilipunguzwa hadi asilimia 40, nayo ikaondolewa huko pia mwaka 1971. Badala yake ilitumika metali ya tabaka tatu: shaba tupu katikati, na pande zote mbili mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Rangi ya nje ilifanana na fedha, lakini ndani palikuwa pekundu.

Seti za prufu zilifuata mkondo huo huo. Ya mwaka 1964 ilikuwa ya mwisho kuwa na fedha ya asilimia 90 katika zama hizo. Kwa miaka mitatu iliyofuata seti za prufu hazikutolewa. Ziliporudi mwaka 1968, senti kumi na robo dola zilikuwa za shaba na nikeli. Ilipofika mwaka 1992 ndipo serikali ilipoanza kuuza, sambamba na seti ya kawaida, seti ya pili yenye fedha. Fedha iliyokwisha kutoka mifukoni mwa raia ikawarudia kwa mlango wa pili, ikiwa imefungwa katika kasha na kupandishwa bei.

Ndani ya kasha mna nini?

Jina "seti ya fedha" linaweza kumpotosha mnunuzi, kwa kuwa si kila sarafu iliyomo ni ya fedha. Sarafu ya senti moja ni ya zinki iliyopakwa shaba, ya senti tano ni ya shaba na nikeli, na ya dola moja yenye rangi ya dhahabu, iliyoingia katika seti hizi mwaka 2000, ni ya shaba iliyochanganywa na zinki, manganizi na nikeli. Hizo ni zile zile katika seti zote mbili.

Tofauti imo katika senti kumi, robo dola na nusu dola peke yake. Katika seti ya fedha, sarafu hizo zilikuwa na fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10 hadi mwaka 2018. Sheria iliyopitishwa mwaka 2015 iliruhusu kiwango cha juu zaidi, na tangu mwaka 2019 zimekuwa na fedha ya asilimia 99.9.

Uzito nao hutofautiana, maana fedha ni nzito kuliko shaba na nikeli. Robo dola ya fedha ya asilimia 90 ina uzito wa gramu 6.25, na ya kawaida gramu 5.67. Nusu dola ya fedha ni gramu 12.5, na ya kawaida gramu 11.34. Senti kumi ya fedha ni gramu 2.5, na ya kawaida gramu 2.27 hivi.

Seti za fedha za miaka ya 1992 hadi 1998 zilikuwa na sarafu tano, tatu kati yake zikiwa za fedha. Ukijumlisha unapata gramu 19.1 za fedha safi, yaani aunsi 0.61 kwa kipimo cha masonara, ambacho aunsi yake moja ni gramu 31.1.

Mwaka 1999 hesabu ilibadilika. Marekani ilianza mpango wa miaka kumi wa kutoa robo dola tano mpya kila mwaka, kila moja kwa heshima ya jimbo moja. Za kwanza zilikuwa za Delaware, Pennsylvania, New Jersey, Georgia na Connecticut. Seti ya fedha ya mwaka huo ikawa na sarafu saba za fedha kati ya tisa, na fedha safi ikafikia gramu 41.6, sawa na aunsi 1.34.

Hesabu ya mwaka 1999

Seti hiyo ya mwaka 1999 ni mfano mzuri wa kuonyesha mnunuzi analipia nini hasa.

Ukijumlisha maandishi ya usoni, sarafu zote tisa ni dola 1 na senti 91. Hizo ni sarafu halali, na mtu akizipeleka dukani atapewa bidhaa za kiasi hicho, si zaidi. Ni hivyo kwa seti ya fedha, na ni hivyo kwa ya kawaida.

Kiwandani, seti ya kawaida iliuzwa dola 19.95 na ya fedha dola 31.95. Wakati huo aunsi ya fedha iliuzwa kwa zaidi kidogo ya dola 5. Kwa hiyo aliyelipa dola 31.95 alipata madini ya thamani ya dola 7 hivi. Zilizobaki alilipia ufundi, kasha, cheti na matumaini. Aliyenunua seti ya kawaida alipata metali ambazo kwa jumla hazikufikia hata dola moja.

Tangu hapo bei ya fedha imepanda sana. Aunsi ikiwa dola 30, madini yaliyomo katika seti ya 1999 yana thamani ya dola 40. Ikiwa dola 50, ni dola 67. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, dola 31.95 za mwaka 1999 zilikuwa na uwezo wa kununua sawa na dola 60 hivi za mwaka 2025. Mtu aliyeitunza seti yake kwa robo karne, kwa bei ya dola 50 kwa aunsi, ameponea mfumuko wa bei kwa kiasi kidogo tu. Kwa bei ya dola 30 amepoteza.

Seti ya kawaida ya mwaka huo haina kinga hiyo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.5, na leo kwa kawaida huuzwa chini ya bei yake ya kiwandani ya miaka hiyo.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya seti hizi mbili. Seti ya fedha ina sakafu: hata wakusanyaji wote wakiipa kisogo, sonara atainunua kwa madini yake, ingawa chini kidogo ya bei ya soko. Seti ya kawaida inategemea matakwa ya wakusanyaji peke yao. Wakiichoka, inashuka mpaka karibu na dola 1 na senti 91.

Sakafu inayopanda na kushuka

Sakafu hiyo, hata hivyo, haikai mahali pamoja. Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, wakati ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamejilimbikizia kiasi kikubwa cha madini hayo. Machi mwaka huo ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 ilikuwa ikizungukia dola 5. Aliyenunua kileleni mwaka 1980 alisubiri hadi Aprili 2011 aone bei ikikikaribia tena kilele hicho, kisha ikaanguka mara nyingine. Ilipofika mwaka 2025 ndipo ilipokivuka.

Juu ya bei ya madini kuna bei ya wakusanyaji, ambayo nayo ina misimu yake. Seti za fedha za mwaka 1999 zilikuwa 804,565, chini ya theluthi moja ya zile za kawaida. Mpango wa robo dola za majimbo uliwavuta watu wengi wasiowahi kukusanya sarafu, na kila aliyeanza katika miaka iliyofuata alitaka seti ya mwaka wa kwanza. Bei yake ikapanda mara kadhaa ya ile ya kiwandani. Mpango ulipomalizika mwaka 2008 na shauku ikapoa, bei ikashuka sana. Waliouza mapema walifurahi, na walionunua kwa kuchelewa ndio waliobeba mzigo.

Seti ya mwaka 1964 inatoa somo la upande wa pili. Iliuzwa kwa dola 2.10, na ina aunsi 0.61 za fedha, sawa na seti za fedha za miaka ya 1992 hadi 1998. Lakini zilitengenezwa 3,950,762. Kwa kuwa ni nyingi mno, thamani yake hufuata zaidi bei ya madini kuliko umri wake. Umri wa sarafu, peke yake, hauipi thamani.

Namna ya kuzitofautisha

Hakuna neno wala alama usoni mwa sarafu hizi inayosema kwamba ni ya fedha. Mwaka ni ule ule na herufi S ni ile ile. Mtu aliyerithi sarafu zilizotolewa katika kasha hawezi kutegemea maandishi.

Njia ya kwanza ni ukingo. Sarafu ya kawaida ikitazamwa kwa ubavu huonyesha mstari mwekundu wa shaba ya katikati. Ya fedha ni nyeupe ukingo mzima. Hata ndani ya kasha la plastiki angavu, mara nyingi ukingo huonekana likigeuzwa kuelekea kwenye mwanga.

Njia ya pili ni mizani ya sonara. Tofauti ya gramu 5.67 na 6.25 kwa robo dola haihitaji utaalamu wowote.

Njia ya tatu ni rangi. Sarafu mbili zikiwekwa bega kwa bega, ya fedha huwa nyeupe zaidi, na ya kawaida huelekea kijivu. Njia hii ni dhaifu ikiwa mtu hana ya kulinganishia.

Boksi la nje lisitegemewe peke yake. Ni karatasi tu, na huweza kuhamishwa kutoka seti moja hadi nyingine. Anayenunua kwa mtu asiyemfahamu na atazame sarafu zenyewe kabla ya kutazama jina lililoandikwa juu ya kasha.

Kuzitunza

Adui wa kwanza wa prufu ni kidole. Jasho na mafuta ya ngozi huacha alama katika uwanda ule wa kioo, na baada ya muda alama hiyo haitoki tena. Sarafu ikibidi kushikwa, ishikwe kwa ukingo.

Fedha ina udhaifu wake ambao sarafu ya kawaida hauisumbui sana. Salfa iliyomo hewani, katika mpira na katika baadhi ya karatasi huifanya ipige rangi ya manjano, kisha weusi. Katika miji yenye joto na unyevu, kama ilivyo pwani ya Afrika Mashariki na Ghuba, jambo hilo huja upesi zaidi. Mahali pakavu, pa kivuli, mbali na jiko na moshi, panafaa zaidi. Mifuko laini ya plastiki isiyotengenezwa kwa ajili ya sarafu nayo iepukwe, kwani baadhi hutoa ute unaoziharibu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzisugua. Bidhaa za kung'arisha vyombo vya fedha, zinazofaa kwa sinia au bangili, huikwangua prufu na kuifuta thamani yote inayozidi ile ya madini.

Wapo wanaotoa sarafu katika kasha na kuzipeleka kwa makampuni ya kupima ubora, kama PCGS lililoanza kazi mwaka 1986 na NGC la mwaka 1987, ambayo hutoa daraja kuanzia 1 hadi 70. Kwa sarafu za zamani huduma hiyo ina maana. Kwa prufu za miaka ya karibuni, ambazo karibu zote hutoka kiwandani zikiwa hazina dosari, daraja la juu si ajabu, na gharama ya kuipima huweza kuizidi thamani ya sarafu yenyewe.

Nani anunue ipi?

Anayetaka zawadi nzuri ya kumbukumbu ya mwaka aliozaliwa mtoto hana haja ya kulipia fedha. Seti ya kawaida ina picha zile zile na mng'aro ule ule, na ya miaka iliyopita hupatikana mara nyingi kwa bei ndogo kuliko ya kiwandani. Mtoto akishaijua maana yake, thamani yake haitapimwa kwa mizani.

Anayetaka sarafu nzuri ambayo siku ya shida haitakosa mnunuzi kabisa, huyo seti ya fedha inamfaa zaidi. Lakini aulize kwanza bei ya aunsi ya siku hiyo, azidishe kwa aunsi zilizomo, aone ni kiasi gani analipia madini na ni kiasi gani analipia kasha.

Na yule anayetaka madini ya fedha tu, kama akiba, hana sababu ya kununua prufu ya aina yoyote. Vipande vya fedha visivyo na mapambo huuzwa karibu zaidi na bei ya madini, na sonara havitazami kwa jicho la msanii wakati wa kuvinunua.

Wazee wa pwani walioipima riale kwa mizani walijua jambo ambalo boksi lenye maandishi mazuri huwasahaulisha watu. Jina la sarafu hutolewa na serikali na serikali huweza kulibadilisha, kama ilivyotokea mwaka 1948 na mwaka 1965. Uzito wa kilichomo ndani hupimwa na yeyote mwenye mizani.